Programu ya matengenezo ya Odoo katika kiwanda kidogo cha unga: tathmini baada ya miezi kumi na minne

Kiwanda chetu kipo Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na kazi yake ni kukoboa mahindi, kusaga sembe na dona, na kufungasha unga katika mifuko ya kilo 5, 10 na 25. Tuko watu kumi na mmoja, na vifaa vyetu vyote, ukihesabu mashine, mota, jenereta, kompresa na mizani, ni ishirini na tatu. Mimi ni msimamizi wa uzalishaji. Tangu Machi 2024 tunatumia sehemu ya matengenezo ya Odoo 17, programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara, katika toleo lake la bure, kupanga na kuandika kila kazi ya ufundi inayofanyika kiwandani. Nimeandika tathmini hii kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo ya mtu aliyeijaribu katika kiwanda cha ukubwa wetu, na kwa Kiswahili, sikuyapata. Niseme mapema kwamba programu inafaa na ningeichagua tena, lakini namna inavyohesabu tarehe ina mambo matatu ambayo asiyeyajua yatampotosha, na moja kati ya hayo, kwa uzembe wetu wenyewe, lilitugharimu shafti ya mashine ya kukoboa katikati ya msimu.

Kabla ya hapo tulikuwa na kaunta buku na fundi mmoja. Kaunta buku iliandikwa pale fundi alipokumbuka, na aliyoyakumbuka zaidi yalikuwa matengenezo makubwa; kupiga grisi, kukaza mikanda na kubadili filta hakukuandikwa kabisa. Mambo mengine yote yalikaa kichwani mwake: mashine ipi inatumia beringi gani, mkanda wa urefu gani, mota ipi ilishasukwa upya nyaya zake za ndani mara ngapi. Mwishoni mwa mwaka 2023 alipata msiba nyumbani na kusafiri kwa wiki mbili. Siku ya nne beringi ya mashine ya kusaga ilivunjika. Hakuna aliyejua namba yake, na iliyokuwa imeandikwa ubavuni ilikuwa imesagika, tukamtuma kijana Dodoma na beringi ile iliyovunjika mkononi, akarudi na nyingine yenye tundu lilelile la milimita 50 lakini kipenyo cha nje kikiwa kidogo, kwa kuwa tulihitaji 6310 naye akauziwa 6210. Ilituchukua siku mbili kurudi mahali tulipokuwa. Wateja walioleta mahindi yao walisubiri siku ya kwanza, na siku ya pili wakayapakia tena na kwenda kwa wengine.

Baada ya tukio hilo mmiliki aliniagiza nitafute mfumo. Nilianza na Excel, na kwa muda wa miezi miwili nilikuwa na jedwali zuri ambalo mtu wa kulifungua nilikuwa mimi peke yangu. Jedwali halimwambii mtu wa zamu ya usiku kwamba kesho ni siku ya kukagua mikanda, wala mtu wa zamu ya usiku hawezi kuliambia kwamba mashine inatetemeka. Nilizitazama pia programu za matengenezo zinazolipiwa kwa mwezi kwa kila mtumiaji, kwa dola, na zile nilizozijaribu zilikuwa nzuri, tena nyepesi kwenye simu kuliko Odoo. Kwa kiwanda ambacho intaneti yake ni kifurushi cha simu ya msimamizi, hata hivyo, sikuona busara kuweka kumbukumbu za mashine mahali ambapo kifurushi kikiisha hazionekani.

Odoo ilianzishwa Ubelgiji mwaka 2005 na Fabien Pinckaers kwa jina la TinyERP, baadaye ikaitwa OpenERP, na jina la sasa ilipewa mwaka 2014. Ni mkusanyiko wa programu nyingi za kuendeshea biashara, kuanzia mauzo hadi uhasibu, na matengenezo ni sehemu moja ndogo kati ya hizo. Ipo katika toleo la bure, lenye leseni huria iitwayo LGPL, ambalo mtu anaruhusiwa kulisimika kwenye kompyuta yake bila kikomo cha watumiaji. Kampuni hiyo pia ina huduma ya mtandaoni ambamo anayechagua programu moja tu halipi chochote, na mwenye intaneti ya uhakika anaweza kuanzia huko bila kuhangaika na usimikaji.

Usimikaji ndio uliotupotezea pesa mwanzoni. Kampuni moja ya teknolojia tuliyoiita kwa mara ya kwanza ilitusimikia mauzo, ghala, uhasibu, rasilimali watu na mengine ambayo sikuyaelewa, ikatufundisha kwa saa tatu na kuondoka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa akifungua chochote humo. Mara ya pili tulimwita kijana mmoja tuliyemlipa kwa siku, tukamwambia waziwazi kwamba tunataka matengenezo pekee, na kwamba asiongeze kitu hata kama anaona kitatusaidia baadaye. Alitumia siku mbili. Tulinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, akaweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, pamoja na Odoo, akaiunganisha na ruta ya kawaida isiyo na intaneti, na tangu siku hiyo simu yoyote iliyo ndani ya kiwanda inafungua mfumo kwa kuandika anwani ya kompyuta ile ikifuatiwa na 8069. Umeme ukikatika, betri ya akiba huishikilia kompyuta mpaka jenereta iwake. Kila Jumamosi mchana nachukua nakala ya kumbukumbu zote kwenye flashi mbili. Moja inabaki ofisini na nyingine naenda nayo nyumbani. Mtu asiye tayari kufanya jambo hili dogo kila wiki ni heri abaki na kaunta buku, kwa sababu kaunta buku haifi kwa siku moja kama diski.

Kazi iliyofuata, nayo ndiyo iliyochukua muda na ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko yote, ilikuwa kuorodhesha vifaa. Odoo inampa kila kifaa ukurasa wake: jina, kundi, timu inayokihudumia, fundi anayehusika, muuzaji, modeli, namba ya kiwandani, gharama, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kwisha dhamana. Unapokaa ofisini unaona ni suala la kujaza nafasi tu. Ukifika mbele ya mashine unagundua kwamba maswali ni mengine. Mashine zetu mbili za kusaga na ile ya kukoboa ziliundwa na karakana za hapa nchini, hazina kibati wala namba ya kiwandani, na programu haikubali vifaa viwili viwe na namba moja, hivyo tuliiacha nafasi hiyo wazi badala ya kubuni namba. Badala yake kila kifaa tulikipa jina fupi letu wenyewe: KB-01 kwa mashine ya kukoboa, SG-01 na SG-02 kwa za kusaga, EL-01 kwa elevata inayopandisha mahindi, JN-01 kwa jenereta. Mwanzo tulichapisha lebo za karatasi na kuzibandika kwa gundi, na kwa sababu ya vumbi la unga na joto la mota hazikumaliza mwezi. Sasa majina yameandikwa kwa rangi nyeupe na brashi, herufi za urefu wa kiganja, na mtu anayasoma akiwa mlangoni.

Suala la mota lilitusumbua kidogo. Mota si sehemu ya kudumu ya mashine: ikiungua huenda kwa fundi wa kusuka, na kwa siku hizo mota ya SG-02 huhamishiwa SG-01, na mara nyingi hairudi. Odoo ya matengenezo kama inavyokuja haina namna ya kuweka kifaa ndani ya kifaa kingine. Kuna nyongeza za bure zilizotengenezwa na jumuiya ya watumiaji, OCA, zinazoongeza ngazi hizo, lakini nilikuwa nimeshaapa kutoongeza chochote mwaka wa kwanza. Tuliamua kwamba kila mota itakuwa kifaa kinachojitegemea, na mahali ilipofungwa tunapaandika kwenye nafasi ya mahali. Uamuzi huu umetupa jambo ambalo sikulitarajia: sasa tunajua kwamba mota moja, popote inapofungwa, huungua, na ile nyingine haiungui. Hiyo ya kwanza ilikuwa imesukwa mara tatu. Fundi alipoipima alikuta inavuta umeme mwingi kuliko ilivyoandikwa kwenye kibati chake hata ikizunguka bila mzigo, nasi tukaiuza kama chuma chakavu.

Katika ukurasa wa kila kifaa tuliandika, kwa maneno ya kawaida na si ya kitaalamu, vipuri vyote vinavyochakaa. Mfano wa SG-01: beringi 6310 mbili, mkanda B112 mitatu na yote ibadilishwe kwa pamoja, nyundo ishirini na nne, chekeche la milimita 1. Chini yake kuna picha: kibati cha mota, beringi mpya ikiwa bado kwenye boksi lake, mkanda ukionyesha maandishi. Fundi anapokuwa safarini, mtu yeyote anafungua ukurasa, anapiga picha na kumtumia muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, kisha mzigo unapanda basi jioni. Kwa hili peke yake, gharama ya kompyuta ilisharudi. Odoo haina lawama pale ghala linapokosa kuonekana hapa, kwa kuwa tulikataa wenyewe kusimika sehemu ya ghala, lakini msomaji ajue kwamba katika toleo la bure ombi la matengenezo halipunguzi kipuri chochote kwenye hesabu. Vipuri vyetu vipo kabatini na kadi ya karatasi imening'inizwa kwenye kila rafu.

Baada ya orodha tulipanga matengenezo kinga, yaani yale yanayofanywa kabla kitu hakijaharibika, na hapa nilikosea kwa bidii. Niliketi na vitabu vya jenereta na kompresa, nikamhoji fundi, nikaingiza kazi sitini na moja zinazojirudia. Baada ya wiki tatu kalenda ilijaa kazi zilizopitwa na tarehe, na fundi, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniambia kwa upole, “Mkuu, hii mashine yako ya ofisini inanidai kuliko mwenye nyumba.” Tulikaa pamoja tukapunguza. Kazi za kila siku, kama kufagia vumbi juu ya mota na kusafisha sumaku inayonasa misumari, tuliziondoa kwenye mfumo na kuziandika ukutani, kwa sababu kazi ya dakika tano haistahili kadi yake, yaani ombi lake kwenye ubao wa Odoo. Zilizobaki ni kumi na tisa: kukagua na kukaza mikanda kila wiki, grisi kila mwezi, kugeuza nyundo ili upande usiochakaa ufanye kazi, kukaza nati za nyaya kwenye kontakta, yaani swichi ya kuwashia mota, kupima ukali wa umeme wa kila fezi, na nyinginezo. Hiyo ya fezi naisisitiza kwa viwanda vya mikoani. Fezi moja ikikatika wakati mota ya fezi tatu inazunguka, mota haisimami. Huendelea kuzunguka kwa shida huku ikichemka mpaka iungue, na ovalodi, kifaa cha kuizima mota inapozidiwa, ikiwekwa vibaya haiiokoi. Kadi ya kila miezi mitatu inayomtaka fundi aijaribu ovalodi imetuonyesha mara mbili kwamba mtu alikuwa ameipandisha ili mashine isizime.

Sasa nifike kwenye tarehe. Katika Odoo 17, ombi la matengenezo linaweza kuwekwa lijirudie kila baada ya siku, wiki, miezi au miaka fulani, bila mwisho au mpaka tarehe utakayotaja. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ombi linalofuata halizaliwi na kalenda. Huzaliwa pale ombi lililopo linapohamishiwa kwenye hatua iliyotiwa alama kuwa ni ya kumaliza. Jambo la pili ni kwamba tarehe ya ombi jipya huhesabiwa kutoka tarehe iliyopangwa, si siku kazi ilipofanyika. Grisi iliyopangwa tarehe 1 Mei ikapigwa tarehe 25 Mei itadaiwa tena tarehe 1 Juni, na fundi asiyejua hilo ataongeza grisi juu ya grisi. Beringi iliyojazwa grisi kupita kiasi nayo huchemka.

Lile la kwanza ndilo lililotuumiza. Hatua za kazi katika Odoo hubadilishwa majina kwa urahisi, nasi tuliziita Imeripotiwa, Inatengenezwa, Imekamilika na Imetupwa, kisha katikati tukaongeza yetu moja, Inasubiri spea. Mwezi wa nne, kadi ya grisi ya KB-01 ilifika. Fundi akakuta kichwa cha kupitishia grisi cha beringi ya upande wa puli kimevunjika, akasogeza kadi hadi Inasubiri spea, kama tulivyokubaliana, na kuniachia ujumbe. Nikakinunua kichwa hicho wiki hiyohiyo, nikakiweka kabatini, nikasahau kumwambia. Kadi ikabaki pale. Kwa kuwa haikufika Imekamilika, kadi ya Mei haikuzaliwa, wala ya Juni, na ubao wa kazi mpya ulionekana safi kabisa. Mwezi wa saba, mahindi mapya yakiwa yamefurika na foleni ya maguta na matrekta imefika barabarani, KB-01 ilianza kulia kwa sauti nyembamba saa tano asubuhi na ilipofika saa sita ikagoma. Tulipofungua, grisi ilikuwa imegeuka ukoko mweusi uliochanganyika na pumba, kola ya ndani ya beringi imeng'ang'ania, na shafti mahali pale imekuwa ya buluu kama chuma kilichotolewa motoni. Shafti ilikwenda kuchongwa upya Dodoma. Kichwa cha grisi cha shilingi elfu moja na mia tano kilikuwa bado kabatini, ndani ya mfuko wake.

Tangu siku hiyo, hatua ya Inasubiri spea ninaipitia kila Jumatatu kabla ya chai, kadi baada ya kadi, na hakuna kadi ya kazi inayojirudia inayoruhusiwa kukaa humo. Fundi akikwama kwa kukosa kipuri, anaifunga kadi ya kazi inayojirudia kwa maelezo kwamba haikufanyika, ili mnyororo usikatike, na anafungua ombi jipya la hitilafu kwa ajili ya kile kilichomkwamisha. Ni njia tuliyojitungia, na haijatuangusha.

Jambo la tatu linahusu takwimu. Ukurasa wa kifaa unaonyesha wastani wa siku kati ya hitilafu moja na nyingine, wastani wa muda wa kutengeneza, na hata tarehe inayokisiwa ya hitilafu ijayo. Hesabu ni nyepesi: programu inachukua siku kuanzia tarehe ya kuanza kazi hadi hitilafu ya mwisho, inazigawa kwa idadi ya maombi ya hitilafu yaliyofungwa, kisha inaujumlisha wastani huo kwenye tarehe ya hitilafu ya mwisho. SG-01 tuliinunua mwaka 2016, nami kwa uaminifu niliandika 1 Juni 2016. Kufikia tarehe 12 Septemba 2024 ilikuwa imeshaharibika mara tatu tangu tuanze kuandika, na ukurasa wake ukanionyesha wastani wa siku 1,008, yaani hitilafu ijayo katikati ya Juni 2027. Mashine ile hukwama kila baada ya miezi michache na kila mtu kiwandani anajua. Kosa si la programu; nilikuwa nimeipa miaka minane ambayo hitilafu zake hazikuandikwa popote. Nilipobadilisha tarehe ya kuanza kazi kuwa 1 Aprili 2024, siku tuliyoanza kuziandika hitilafu zake, wastani ukashuka hadi siku 54 na makisio yakaangukia mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo tarehe ya kweli ya ununuzi tunaiandika kwenye maelezo, na ile ya kuanza kazi tunaijaza siku ambayo kumbukumbu zinaanza kuaminika.

Wastani wa kutengeneza nao huhesabiwa kwa siku kamili, tangu siku ya kuripoti hadi ya kufunga. Mashine iliyosimama kwa muda wa saa nne na ikatengemaa siku hiyohiyo inahesabiwa sifuri, na kwa kiwanda cha kusaga saa nne ni fedha nyingi. Tunatumia nafasi ya muda iliyomo ndani ya ombi, inayopokea saa, na mwisho wa mwezi ninajumlisha mwenyewe.

Upungufu wa kweli ambao sijaupatia njia nzuri ni saa za kazi. Jenereta yetu inataka kubadilishwa oili kila baada ya saa 250 za kuzunguka, na ratiba ya Odoo inajua tarehe tu. Umeme ukiwa mzuri, saa hizo huchukua miezi mingi. Ukiwa mbaya, wiki chache. Kwa sasa kuna kadi ya kila Jumatatu isemayo “Soma mita ya saa ya JN-01”, anayesoma anaandika namba kwenye ujumbe, na ikikaribia 250 tangu oili ya mwisho anafungua ombi. Inafanya kazi, lakini inategemea mtu kupiga hesabu, na mwenye magari mengi au jenereta nyingi asitegemee njia hii.

Kwa upande mwingine, kwa mambo yanayokwenda na kalenda programu imetutendea haki. Mizani lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na tangi la kompresa ni chombo cha mgandamizo ambacho OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, huhitaji kukikagua. Vyote viwili vina kadi zinazotokea mwezi mmoja kabla, zikiwa na cheti cha mwaka uliopita ndani yake. Mwaka huu mkaguzi alipofika nilimwonyesha kumbukumbu zote za kompresa kwenye skrini ya simu, tukiwa tumesimama palepale kwenye tangi.

Nimeacha la watu hadi sasa, ingawa bila wao yote haya yangekuwa ofisi yenye kompyuta. Vitufe vingi vya programu viko kwa Kiingereza, na waendesha mashine wetu wengi hawajakizoea. Tulichofanya ni kuweka simu moja ya kiwanda kwenye sanduku la mbao karibu na mlango wa stoo, ikiwa imefunguliwa tayari ukurasa wa ombi jipya, na kumfundisha kila mmoja mambo matatu tu: andika linalotokea, chagua jina lililoandikwa kwa rangi kwenye mashine, hifadhi. Hatukuwataka waandike ubovu, kwa sababu ubovu ni kazi ya fundi kuujua. Waliandika walichokisikia na kukinusa, na maneno yao yamekuwa bora kuliko orodha yoyote ambayo ningeiandaa: inalia, inachemka, inatetemeka, inanuka, inatema chenga. Dada mmoja wa zamu ya usiku aliandika mwezi wa kumi, “SG-02 inanukia kama kandambili iliyoungua.” Fundi alipokuja alfajiri alikuta mikanda inateleza kwenye puli na mmoja umeshaanza kupasuka kwa ndani, akaibadilisha yote mitatu kabla wateja hawajafika. Awali harufu ile ingeshaonekana ni jambo la kawaida la mashine, mpaka mkanda ukatike mchana.

Hawakuanza kuripoti kwa sababu ya simu, hata hivyo. Wiki sita za mwanzo zilipita na maombi manne tu, yote yameandikwa na mimi. Nilipowauliza, mmoja wao akanieleza wakati wa chakula kwamba katika viwanda vingi alivyopitia, anayesema mashine imeharibika mikononi mwake hukatwa mshahara, basi mtu huona ni afadhali ikae hadi imfie wa zamu inayofuata. Mmiliki aliwaita wote, akatamka kwamba hakuna atakayekatwa hata shilingi kwa kuripoti, na kwamba atakayeonywa ni yule aliyejua akanyamaza. Katika mwezi uliofuata tulipata maombi kumi na saba. Anayekusudia kusimika mfumo kama huu aanze na tangazo hilo, kabla hajanunua kompyuta.

Mwenye mashine tatu au nne anazoziona zote kutoka mlangoni haihitaji Odoo. Kaunta buku, majina ya rangi kwenye mashine na picha za vibati katika simu vitamtosha. Mwenye vifaa kati ya kumi na tano na hamsini, fundi mmoja au wawili, na msimamizi aliye tayari kufungua ubao kila asubuhi, ataona faida ndani ya msimu mmoja. Anayehitaji ratiba inayofuata saa za mashine, au vipuri vinavyojikata kwenye ghala, azipime kwanza nyongeza za jumuiya, na asisimike bila kumwona mtu anayezitumia.

Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na huyahudumia matatu ya mwisho, kwa hiyo ile 17 yetu haitabaki salama daima. Kuhamisha kumbukumbu kutoka toleo hadi toleo katika Odoo ya bure si jambo la kubonyeza kitufe. Mpango wetu ni kumwita tena yule kijana mwezi wa kumi na moja, mahindi yakiwa yamepungua, ajaribu kuhamisha nakala ya Jumamosi kwenye kompyuta nyingine, na tusiiguse ile inayofanya kazi mpaka fundi aone kadi zake zote kumi na tisa upande wa pili, zikiwa na tarehe zilezile.